Askari, Mlezi na Moto: Uhakiki wa Istiari ya Kinga katika Maelezo ya Saratani za Damu

Ni wachache miongoni mwa waliosomea shule za Afrika Mashariki wasioikumbuka sentensi hii, au nyingine iliyo ndugu yake: chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Hufundishwa darasani pamoja na mchoro wa damu, hurudiwa katika vipindi vya afya vya redio, na daktari mwenye haraka huitegemea awapo mbele ya mgonjwa asiyejua sayansi. Ni istiari iliyokwisha kuzoeleka hata haionekani tena kuwa ni istiari. Makala haya yanakusudia kuichunguza kama vile mhakiki achunguzavyo tamathali yoyote ya usemi katika shairi au riwaya: yaeleza nini, yaficha nini, na yamfanyia nini yule aisikiaye. Uwanja uliochaguliwa ni saratani za damu za muda mrefu, kwa kuwa humo ndimo istiari hiyo inamoshindwa waziwazi.

Istiari hii ina hadithi ndani yake. Yasema kuwa mwili ni boma. Nje ya boma yuko adui, ndani wamo askari. Adui akiingia, askari humtambua kwa ugeni wake na kumwua. Yasema pia, ingawa haitamki, kuwa askari wakiwa wengi boma li salama, na wakipungua limo hatarini. Ukimwi ulipozuka, yaani baada ya wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Kagera, Tanzania, mwaka 1983, na nchini Kenya mwaka 1984, hadithi hiyo ilipata nguvu mpya. Jina lenyewe lililobuniwa, Upungufu wa Kinga Mwilini, liliufanya upungufu kuwa ndio ugonjwa, na chembe zilizohesabiwa hospitalini zikawa kama askari wahesabiwao gwarideni. Kwa ugonjwa ule istiari ilifaa. Mgonjwa aliweza kuelewa kwa nini kikohozi ambacho kingempita mwenzake kingeweza kumwangusha yeye. Taabu ilianza pale kinga ya ugonjwa mmoja ilipochukuliwa kuwa kielelezo cha kinga katika magonjwa yote.

Yafaa kwanza kutazama wazo hili lilikotoka. Mwaka 1882, mwanazuolojia Mrusi Élie Metchnikoff alikuwa Messina, katika kisiwa cha Sicily. Siku moja jamaa zake walikwenda kutazama nyani wa sarakasi, naye akabaki nyumbani na hadubini yake. Aliwachoma kwa miba ya waridi watoto wachanga wa kiti cha pweza, ambao miili yao hupenya nuru kama kioo, na asubuhi yake akakuta chembe zitangazo mwilini zimeuzunguka mwiba. Kutokana na hayo alijenga nadharia iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich. Lakini jambo linalompasa mwanalugha kulizingatia ni jina ambalo chembe zile zilipewa: fagosaiti, yaani chembe zilazo. Kabla ya siku ile Metchnikoff alikuwa akichunguza jinsi viumbe wadogo wanavyokimeng'enya chakula ndani ya chembe zao. Neno la kwanza la taaluma hii basi lilikuwa neno la jikoni wala si la kambini. Kula, kusafisha, kuondoa kilichokufa: hizo ndizo kazi zilizoonekana mwanzo. Bunduki ilikuja baadaye.

Na Kiswahili kilipoipokea bunduki hiyo, kiliipokea kwa neno lenye historia nzito. Askari ni neno lililotoka katika Kiarabu kwa maana ya jeshi, lakini katika Afrika Mashariki limebeba watu wengi wasiofanana. Yuko askari wa jeshi la Wajerumani, yuko wa King's African Rifles iliyoundwa mwaka 1902, yuko polisi wa mjini, yuko askari kanzu asiyevaa sare ambaye watu hawajui anamlinda nani, na yuko mzee alalaye langoni na rungu lake usiku. Mwandishi wa kitabu cha shule alimtaka mmoja tu kati ya hao, yule mwaminifu. Msomaji anawajua wote. Huenda hapa lugha ilikuwa na akili kuliko waliyoitumia, maana sayansi ya siku hizi yaonyesha kuwa chembe za kinga nazo ni za namna nyingi, na kuwa nyingine huonekana zikifanya kazi katika nyumba ambayo haikutarajiwa.

Mjadala juu ya kinga na saratani ya damu si mgeni. Ulianza siku ile ile ugonjwa ulipotambuliwa. Mwaka 1845, John Hughes Bennett wa Edinburgh alieleza habari za fundi wa kuezeka mapaa, mwenye umri wa miaka 28, aliyekufa akiwa na wengu uliovimba mno na damu iliyojaa chembe zisizo na rangi. Bennett aliamini kuwa aliona usaha: kwa fikira zake, damu yenyewe ilikuwa imetunga kama jipu. Mwaka huo huo, Rudolf Virchow wa Berlin alieleza mgonjwa mwingine wa namna hiyo, akasema kuwa huo si usaha bali ni damu nyeupe, na mwaka 1847 akaupa ugonjwa jina la Kiyunani ambalo limekuja kuwa lukemia. Virchow alishinda, na alistahili kushinda. Ila ni Virchow huyo huyo ambaye mwaka 1863 alitoa wazo kwamba saratani huchipuka mahali palipokuwa na mwasho na mwako wa muda mrefu. Kwa hiyo yale aliyoyafukuza mlangoni kwa Bennett, yeye mwenyewe aliyaacha dirisha wazi.

Kwa zaidi ya miaka mia moja dirisha hilo halikupitiwa na watu wengi. Ugunduzi mkubwa ulitoka upande mwingine. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika chembe za wagonjwa wa lukemia moja ya muda mrefu, nayo ikaitwa kwa jina la mji wao, Philadelphia. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kuwa ufupi huo watokana na kubadilishana vipande baina ya kromosomu ya 9 na ya 22. Mwaka 2001 dawa ya imatinib, iliyotungwa ili kuizima protini itokanayo na kosa hilo, iliidhinishwa Marekani, na ugonjwa ambao ulikuwa ukiua kwa miaka michache ukawa ugonjwa wa kumeza vidonge. Hadithi iliyozaliwa na ushindi huo ilikuwa safi: chembe moja imepotoka, izime hiyo na mambo yamekwisha. Katika hadithi hiyo kinga haina sehemu ya kuigiza ila ya mtazamaji.

Saratani nyingine za damu hazikukubali kusimuliwa hivyo. Mfano ulio bora ni lukemia ya limfosaiti ya muda mrefu, ugonjwa wa wazee zaidi, ambao ni miongoni mwa lukemia zinazoonekana sana kwa watu wazima wa Ulaya na Marekani. Limfosaiti ni zile zile chembe ambazo kitabu cha shule huziita askari. Katika ugonjwa huu hesabu yao hupanda mno, hata zaidi ya mara kumi ya kawaida, na wakati huo huo mgonjwa hushikwa na nimonia kwa sababu kingamwili zake, yaani zile protini za damu zinazonasa vijidudu, zimepungua. Gwaride limejaa na boma halina ulinzi. Mtu aliyelelewa na istiari ya askari hana namna ya kuuelewa mkanganyo huu. Adui hakuingia kutoka nje, wala wingi haukuleta usalama. Nguzo mbili za hadithi zimeanguka kwa pigo moja.

Lakini habari iliyo muhimu zaidi ni ile ya majirani wa chembe hizo. Wataalamu walikuwa wamegundua kitu cha ajabu: chembe za lukemia hii, ambazo ndani ya mwili zaelekea kuishi bila ukomo, zikitolewa na kuwekwa peke yake katika chombo cha maabara hufa baada ya siku chache. Mwaka 2000 ilichapishwa taarifa kuwa chembe nyingine za damu ya mgonjwa yule yule, zilizo za ukoo wa makrofaji, zikiachwa zikue chomboni pamoja na zile za lukemia, huziweka hai. Huzivuta kwa kemikali, huzikumbatia, na kuzipa ishara za kutokufa. Watafiti walizipa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa chembe za ulezi. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba wanasayansi wenyewe, walipokabiliwa na kitu ambacho askari hawezi kukieleza, waliliacha neno la vita na kuchukua neno la nyumbani. Makrofaji ni uzao wa zile chembe zilazo za Metchnikoff. Amerudi jikoni, ila safari hii anamlisha asiyestahili.

Huenda mtetezi wa istiari ya zamani akasema kuwa bado yaweza kuokolewa: huyo ni askari mla rushwa, au mlinzi aliyefanya shauri na mwizi. Baadhi ya wanaoandika juu ya sayansi hupenda sana kauli hiyo, na masikio ya Nairobi huipokea upesi kwa sababu za wazi. Hata hivyo, ni kauli mbovu. Usaliti wataka nia, na chembe haina nia. Lililo baya zaidi, kauli hiyo yaficha ukweli wenyewe wa kisayansi, kwamba chembe ya ulezi haikuiacha kazi yake na kuchukua nyingine. Kuvuta limfosaiti, kuzipanga katika tezi, kuzilisha na kuzihifadhi mpaka zihitajiwe ni kazi ya kila siku ya chembe za ukoo huo katika mwili ulio mzima. Zinafanya katika ugonjwa yale zifanyayo katika afya. Kosa liko katika yule anayelelewa. Mlezi ameletewa mtoto, naye amlea. Hakuulizwa huyu mtoto atakuwa nani. Istiari ya mlezi ina faida hiyo, kwamba haimlazimu msikilizaji kutafuta mhalifu ndani ya mwili wake mwenyewe.

Matibabu nayo yalithibitisha kuwa mlezi ndiye wa kutazamwa. Dawa iitwayo ibrutinib, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2014, huzikata ishara ambazo chembe za lukemia huzipokea, zikiwemo zile zinazozifunga mahali pa kulelewa. Mgonjwa akianza kuimeza, tezi zake hunywea, na katika majuma ya kwanza hesabu ya limfosaiti damuni hupanda badala ya kushuka. Chembe zimefukuzwa nyumbani, zinatangatanga mtoni. Kwa wengi hatimaye hupungua. Muuguzi atakayemweleza mgonjwa matokeo hayo kwa lugha ya majeshi atamtia hofu bure, kwa kuwa katika lugha hiyo adui akiongezeka barabarani maana yake mji unatekwa.

Kundi la pili la saratani hizi lina somo lake, nalo latatanisha zaidi kwa upande wa msamiati. Mwaka 1951 daktari Mmarekani William Dameshek alipendekeza kuwa magonjwa kadha ambayo yalidhaniwa kuwa mbalimbali ni ya ukoo mmoja: uboho unazalisha chembe kupita kiasi, ama nyekundu, ama vigandisha damu, ama unageuka taratibu kuwa nyuzinyuzi. Mwaka 2005 makundi kadha ya watafiti yalikuta kosa moja katika jeni iitwayo JAK2. Kosa hilo limo katika takriban asilimia 95 ya wale ambao chembe nyekundu huwazidi, na katika karibu nusu ya wagonjwa wa aina nyingine mbili. Protini ya JAK2 ni mjumbe wa ishara za saitokini, yaani kemikali ambazo chembe za kinga hutumia kuambiana kuwa pana hatari. Mjumbe aliyeharibika hupiga kelele bila kutumwa. Ndiyo sababu wagonjwa hawa, hasa wale ambao uboho umegeuka nyuzi, hutokwa na jasho usiku, hupata homa, hukonda, na wengu wao huvimba hata kujaza tumbo. Katika nchi za malaria, wengu mkubwa na jasho la usiku vina maelezo mengine yaliyo tayari mdomoni, na si ajabu ugonjwa ukachelewa kutambuliwa.

Hali hiyo ya mwili kuwaka pasipo kidonda huitwaje kwa Kiswahili? Hapa waandishi hawapatani. Wengine huandika uvimbe, wengine uchochezi, wengine mwako, na wengine huacha neno la kigeni lilivyo. Uvimbe una hoja yake ya kihistoria. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alizitaja dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu, na neno la Kilatini alilolitumia kwa uvimbe ndilo hilo hilo ambalo Wazungu walilichukua baadaye kwa uvimbe wa saratani. Kiswahili, kwa kusema uvimbe kwa mambo yote mawili, kimerudia kosa la Kilatini bila kukijua. Katika saratani za damu kosa hilo ni kubwa, maana mgonjwa akiambiwa ana uvimbe atajipapasa akitafuta donge, na donge halipo. Uchochezi nao unafaa kwa siasa kuliko kwa uboho, kwani mchochezi ni mtu na ana hila. Mwako ndio ulio karibu na kitu chenyewe. Una joto, una kuenea, una kudumu kwa muda wa kupatikana kuni, na hauna nia.

Isitoshe, mwako wafungua mlango wa methali. Wahenga walisema, Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mwanaisimu ataonya mara moja, na ni wajibu wake, kwamba kinga ya methali si kinga ya mwili. Ile ya moto ni ya ngeli ya KI-VI, kinga cha moto, vinga vya moto, na maana yake ni kijiti kilichokwisha kushika moto; hii ya mwili ni ya ngeli ya N na yatokana na kitenzi kukinga. Ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, na hoja ya maana ya asili haiwezi kujengwa juu ya mgongano huo. Ila mhakiki wa istiari hahitaji asili. Ahitaji picha, na picha hii inasema kweli. Methali hutumiwa kusifu ushirikiano: kinga kimoja huzimika, viwili vikikutana huwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa katika ugonjwa wa uboho kugeuka nyuzi, saitokini hazitoki kwa chembe zenye kosa peke yake. Chembe zisizo na kosa nazo huzitoa. Chembe potofu ni kinga kimoja, chembe nzima ni cha pili, na moto ni wa wote.

Na moto huo unawafaidi nani? Hapa ndipo istiari ya mwako inapoipita ile ya askari kwa mbali. Mwaka 2011 ilielezwa kuwa mojawapo ya saitokini hizo, iitwayo TNF, huzidhoofisha chembe mama za uboho zilizo nzima, na kwamba zile zenye kosa la JAK2 huistahimili. Mkulima wa bara hahitaji kufafanuliwa zaidi. Ukichoma shamba kila mwaka, miche laini hufa, na yale magugu yenye mizizi isiyoungua ndiyo yanayomiliki shamba. Chembe zenye kosa huwasha moto, kisha huishi ndani yake vizuri kuliko majirani zao. Kinga, ambayo katika kitabu cha shule ni ukuta, imekuwa ndiyo hali ya hewa inayomstawisha mgonjwa wa ndani.

Dawa ya ruxolitinib, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2011 kwa ugonjwa huo, hufanya kazi kwa kumnyamazisha mjumbe. Wengu hupungua, jasho hukoma, mgonjwa hula na kulala. Na nafuu hiyo huwafikia hata wale wasio na kosa la JAK2, jambo linaloonyesha kuwa kinachotulizwa ni mwako wenyewe. Chembe zenye kosa aghalabu hubaki. Moto umepunguzwa, magugu hayajang'olewa. Kwa upande mwingine, kumnyamazisha mjumbe kuna gharama, kwani ishara za hatari iliyo ya kweli nazo hunyamaa, na kifua kikuu kilicholala chaweza kuamka. Katika nchi kama Kenya gharama hiyo si ya kutajwa pembeni.

Afrika Mashariki ina ushuhuda wake wa zamani kuhusu mambo haya, ingawa si wa saratani ya muda mrefu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao sasa wajulikana kwa jina lake, na ramani yake ikaja kufuatana na ramani ya malaria. Virusi vya Epstein na Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe huo, viko katika watu wa dunia nzima. Kinachobadilika ni malaria inayoichokoza kinga ya mtoto mwaka baada ya mwaka mpaka limfosaiti zake zigawanyikapo ovyo kosa lipate nafasi. Uvimbe huo huua upesi, wala haungoji uzee. Lakini ni mfano wa mapema, na wa karibu, wa kinga iliyochoshwa kwa kuamshwa mno.

Ingekuwa dhuluma kuacha ionekane kuwa istiari ya askari ni uongo mtupu. Mwaka 1990, Hans-Jochem Kolb na wenzake wa Munich walitoa taarifa juu ya wagonjwa wa lukemia ile ya Philadelphia ambao ugonjwa uliwarudia baada ya kupandikizwa uboho. Walipewa limfosaiti za yule yule aliyewapa uboho, na ugonjwa ukatoweka. Hapo askari alikuwa askari kweli. Vilevile uchunguzi wa Kifaransa uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa waliokuwa wametulia kabisa kwa imatinib wakaacha dawa. Takriban wanne katika kila kumi hawakurudiwa na ugonjwa kwa mwaka wa kwanza. Wachunguzi wengi huamini kuwa kwa watu hao chembe za kinga zina mkono. Kosa la istiari hii basi haliko katika kusema jambo lisilopata kutokea. Liko katika kudai kuwa ndilo peke yake litokealo.

Je, haingekuwa heri kuziacha istiari zote? Hilo ndilo shauri alilolitoa Mmarekani Susan Sontag katika Illness as Metaphor, kitabu alichokitoa mwaka 1978 baada ya yeye mwenyewe kutibiwa saratani ya titi. Alidai kuwa ugonjwa si istiari, na kwamba njia ya kweli ya kuugua ni ile iliyosafishwa mafumbo kadiri iwezekanavyo; lugha ya vita ilimchukiza kupita zote. Hoja yake imewasaidia wagonjwa wengi kuacha kujilaumu. Lakini msomaji wa Kiswahili atagundua mara moja kikomo chake. Saratani ni neno la Kiarabu la kaa wa baharini, sawasawa na maneno ya Kiyunani na Kilatini yaliyolitangulia. Donda ndugu, jina la wazee kwa donda baya lisilopona na lenye kuenea, limeuita ugonjwa kwa jina la ukoo. Kinga ni kitenzi cha mtu ainuaye mkono kuzuia pigo, au atandazaye chombo chini ya mchirizi kupokea maji ya mvua. Ukiziondoa istiari katika maneno haya hakitabaki kitu cha kumwambia mgonjwa. Sontag mwenyewe alikufa Desemba 2004 kwa saratani ya damu iliyotokana na mielodisplasia, ugonjwa wa uboho ambao utafiti wa miaka ya karibuni umeuhusisha na mwako wa muda mrefu. Katika mwaka huo wa mwisho alikwenda Seattle kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, tiba ambayo hutumainia chembe za kinga za mgeni kuitambua saratani ya mwenyeji. Ni vigumu kulieleza tumaini hilo bila picha ya namna fulani. Swali si kutumia istiari au kutozitumia. Ni kujua ipi inayolingana na kitu kinachojulikana leo, na kuiacha siku itakapokoma kulingana nacho.

Hasara ya kutoijua haimwangukii mwanaisimu. Yamwangukia mtu aliyeambiwa kuwa damu yake ni mgonjwa, akatoka hospitalini akiamini kuwa askari wake wamepungua, na akapita dukani kununua unga wa kuongeza kinga. Ikiwa ana lukemia ya limfosaiti, askari anao kupita kiasi. Ikiwa ana ugonjwa wa uboho kugeuka nyuzi, ameandikiwa dawa ya kuituliza kinga ile ile anayoinunulia chakula, na atakapoelezwa jinsi dawa hiyo inavyofanya kazi ataiona kama hila ya kumvua silaha. Hakuna elimu ya ziada inayohitajika ili kumwondolea mashaka hayo. Mwako na moto wa shamba vyamtosha, navyo ni mali yake tangu utoto.

Liko neno moja zaidi ambalo idara za lugha zingeweza kulisahihisha bila kungoja madaktari, nalo ni sugu. Waandishi wengi hulitumia kwa magonjwa yote ya muda mrefu. Lakini sugu kwanza ni ngozi iliyokufa ganzi kwa kazi, kisha ni mtu asiyesikia maonyo, na katika habari za malaria na kifua kikuu ni kijidudu kisichokubali dawa. Mgonjwa mwenye kromosomu ya Philadelphia ana mojawapo ya saratani zinazotii dawa kuliko nyingi zijulikanazo. Kwenye karatasi ya hospitali huandikiwa kuwa ana saratani sugu, na huyasoma maneno hayo akiwa ameshika kidonge cha kwanza mkononi.